Upande Wangu wa Kichwa

Watu wa mtaani kwetu Woodley wanasema ninaringa. Mtu akinisalimia kutoka pembeni simwangalii. Akiniita kutoka nyuma, ndiyo kabisa, naenda tu kama sijasikia. Ukweli ni kwamba shingo yangu haigeuki. Ili nikuone lazima nizungushe mwili wote, miguu na mabega, kama kabati linalohamishwa. Siku nyingine nina nguvu za kuzunguka. Siku nyingi sina, na nimeacha kueleza. Wakiniita mwenye maringo, shauri yao.

Shingo iliharibikia River Road, katikati ya mji. Nilikuwa nimetoka kununua nywele za kusukia, mfuko mkubwa mkononi, nikasimama kando nipishe watu. Mkokoteni uliobeba vyuma vya kujengea ukakata kona ghafla, ncha za vile vyuma zikanipiga nyuma ya shingo. Nikaangukia mfuko wangu. Ninachokumbuka ni sauti ya mtu: "Mathe, inuka, unaibiwa!" Nikainuka. Mpaka leo kila daktari ananiuliza kwa nini niliinuka badala ya kulala nisubiri msaada. Kwa sababu nilikuwa naibiwa, daktari.

Walinivisha kola ya shingo, wakanipiga picha, wakasema mshipa wa fahamu umebanwa. Kola nilishaivua. Kilichobaki ni maumivu kati ya mabega, ambayo yamekaa pale kama mpangaji asiyetaka kuhama, na ganzi inayoshuka mkono wa kulia hadi kidole gumba na cha pili yake. Watu wananihurumia kwa maumivu. Maumivu nimeyazoea. Ganzi ndiyo imenikosea, kwa sababu mimi ni msusi.

Kenyatta Market, ninakofanya kazi, msusi hasuki peke yake. Mteja akikaa tunamvamia watatu, huyu kushoto, huyu kulia, mwingine kisogoni, ili aondoke mapema na mwingine akae. Kwa hiyo mikono yetu lazima ifanane. Rasta za upande mmoja zikilegea na za upande wa pili zikikaza, kichwa kinaonekana kama kimesukwa kwenye masoko mawili. Wenzangu ni dada mmoja wa rika langu, mtu wa mizaha, na mwenye kibanda, tunayemwita mama mkubwa, ambaye ndiye aliyenifunza nilipomaliza kidato cha nne. Upande wangu ulikuwa wa kulia. Nilipoumia waliniwekea nafasi. Niliporudi nikasimama pale pale, shingo wima, macho tu ndiyo yakitazama chini, vidole vikifanya kazi kwa mazoea. Niliviona vinasuka. Sikuvihisi.

Miezi ikapita hivyo. Hakuna mteja aliyelalamika, nikaamini nimepona vya kutosha. Nilihitaji kuamini. Bila ule upande wa kulia, mimi na binti yangu hatuna kitu kingine. Baba yake alihama kabla hata kola haijatoka.

Halafu siku moja nikaondoka mapema, nikafika barabarani, nikakumbuka nimeacha dawa kibandani. Nikarudi. Mteja tuliyekuwa tumemmaliza bado alikuwa ameketi. Dada alikuwa amesimama mahali pangu, anafumua upande wangu, rasta moja baada ya nyingine, na mama mkubwa anasuka upya nyuma yake.

"Si mlisema imeisha?" mteja alikuwa akinung'unika.

"Tulia mrembo, tunakaza tu. Kwani hutaki zidumu?" dada akamwambia.

Nikauliza kutoka mlangoni, "Mnafanya nini?"

Dada akafumua nyingine.

"Na mmefanya hivyo tangu lini?"

"Tangu urudi. Ukishamgeukia mteja mwingine, huku nyuma huoni," mama mkubwa akasema. Mikono yake haikusimama.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikawaita waongo. Nikawauliza kama mimi ni mtoto wa kudanganywa kwa peremende. Nikazunguka nimkabili dada, lakini shingo ikakwama katikati ya safari, na matusi yakaendelea bila mimi.

"Wewe, niko huku," dada akasema. "Huyo unayemtukana ni wa bango."

Kweli, mbele yangu ukutani palikuwa na bango la mitindo ya nywele, msichana mmoja anatabasamu. Mteja akaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kidogo, kicheko kikanichoma shingoni, nikawachukia zaidi.

"Sikiza, mwanangu," mama mkubwa akasema. "Mlangoni tunahitaji mtu wa kuita wateja. Mdomo unao. Utapata chako kama kawaida."

"Mimi si wa kuita watu. Mimi nasuka."

"Basi Jumatatu njoo usuke. Lakini hatutafumua tena."

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumanne. Jumapili baada ya kanisa nikamkalisha binti yangu juu ya meza, maana akikaa chini siwezi kumwinamia, nikaanza kumsuka matuta. Nywele zake ni ngumu na kichwa chake ni laini. Tangu azaliwe sijawahi kumsuka bila kilio. Majirani wanajua siku ya kusukwa kwake hata kama hawajatuona. Nikachana, nikagawa, nikashika tuta la kwanza nikiwa tayari kumkemea.

Hakulia. Tuta la pili, hakulia.

"Umekaa vizuri?"

"Ndiyo."

"Mbona hulii?"

"Hainiumi," akasema. "Mum, leo unajua kusuka."

Nilitazama kidole gumba changu kikiwa kimeshika nywele za mtoto wangu. Kilikuwa kama cha mtu mwingine. Nikavuta kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na yeye akaanza kuimba. Kabla sijafika kisogoni alikuwa amesinzia, kichwa kimeniegemea kifuani. Nikasuka hadi mwisho. Nilipofunga tuta la mwisho, la kwanza lilikuwa limeanza kufumuka. Sikulia wala sikupiga kitu. Nikaosha kitana.

Jumatatu nilisimama nje ya kibanda, mgongo ukutani. "Mrembo, unasuka? Rasta, matuta, karibu uangalie." Waliopita pembeni walinipita. Niliita wale tu walionijia mbele. Mmoja akakubali, nikamwingiza, nikamkalisha. Dada akachukua kushoto. Mama mkubwa akahamia kulia bila kunitazama.

"Jioni nitaleta mtoto," nikamwambia dada. "Mfumue, umsuke upya. Mkaze."

"Atalia huyo."

"Alie," nikasema, nikarudi nje.