Albamu ya Kwanza ya Kumpa Wambui

Kuna siku moja ya matope ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu Awino. Nakuandikia habari yake kwa sababu jana nilikusikia jikoni, simu mkononi, hedifoni shingoni, ukinilalamikia mimi bibi yako.

"Dani, huyu Wambui hana masikio! Nimemtumia albamu kali kuliko zote, ananiambia ati kichwa kinamuuma. Basi. Simtumii kitu tena."

Niliendelea kuchambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Lakini nilijua unachotaka kutupa. Toka Kisumu mjini mpaka hapa Ahero, huna mtu mwingine wa kusikiliza naye hayo magitaa ya kunguruma ya Wazungu wa nchi za barafu. Jirani yetu Ouma anakuita mchawi. Mama Pasta anakuombea hata hujamtuma. Ni Wambui peke yake, yule msichana wa Mama Njeri muuza vitenge, aliyekuambia, "Nichagulie, nataka kujua unasikia nini humo ndani." Maneno kama hayo mtu haambiwi kila siku.

Sasa nisikilize. Mimi nilizaliwa juu ya Sondu, kwa Wakipsigis, na jina langu lilikuwa Chebet. Babu yako Okelo aliponioa akanileta huku chini kwenye mpunga na mbu, sikujua hata neno moja la Kijaluo. Kila asubuhi nilikuwa natazama milima ya kwetu kule mbali, nikipanga kutoroka. Wifi yangu Aoko aliona nimenyong'onyea. Aoko alikuwa na moyo mzuri, lakini hakujua kupunguza kitu. Akitia chumvi, ni chumvi kweli. Akaniambia kwa Kiswahili, "Leo nakupeleka ukasikie muziki wetu wenyewe," akanivuta mpaka kwenye msiba wa Mzee Ogola.

Unajua vile wazee wa hapa walikuwa wanafukuza kifo? Mimi sikujua. Niliona ng'ombe wanakimbizwa uwanjani, vijana wamejipaka majivu, kijana Oloo anapuliza pembe, majirani wawili, Otieno mrefu na Otieno wa Nyakach, wanarusha mikuki hewani, na kila mtu anapiga kelele kama nyumba inaungua. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilikimbia kwenye yale matope mpaka kiatu kimoja kikabaki huko. Nilipofika nyumbani nikafunga nguo zangu kwenye leso, nikakaa nje ya jiko, nikaapa kesho alfajiri narudi kwa mama.

Mzee Odera ndiye aliyenikuta hapo. Alikuwa baba mdogo wa Okelo, mpigaji wa orutu, lile zeze la uzi mmoja. Alitazama mzigo wangu, akatazama mguu wangu usio na kiatu, kisha akamwita Aoko, wakasemezana Kijaluo ambacho Aoko alinitafsiria baadaye.

"Aoko, huyu mtoto wa watu umemwingiza kwetu kwa mlango wa nyuma, pale tunapochinjia."

"Lakini Baba, hiyo ndiyo tamu kuliko zote!"

"Tamu kwako. Wewe ulizaliwa ndani yake. Ulimuuliza kwao wanaimba nini?"

Aoko, msemaji wa boma zima, akainama kunifuta matope mguuni. Mzee akanigeukia na Kiswahili chake alichookota kwenye kazi ya reli. "Mama, kwenu mkikamua, ng'ombe mnamwimbia nini?"

Nikaimba kidogo. Akaitafuta kwenye ule uzi, akaikosa. Akaitafuta tena, akaikosa vibaya zaidi.

"Sivyo, Baba," nikasema, na hapo nikajikuta ninacheka, mara ya kwanza toka nije.

Alfajiri sikuondoka. Nilitaka kwanza aipate. Alipoipata, alikuwa akiipiga kila jioni, na kila jioni anaongeza kitu kidogo cha kwao, kidogo tu, mpaka nikawa sijui wimbo wangu unaishia wapi na wake unaanzia wapi. Mpunga ulipovunwa, Mama Dorina wa ng'ambo ya mfereji akafariki. Nilikwenda kwa miguu yangu. Zile kelele zilikuwa zile zile, lakini sasa nilisikia ndani yake kile kilio cha uzi wa Mzee Odera. Nikapiga nduru mpaka Aoko akanishika mkono. "Pole pole, mke wetu, utamfufua Mama Dorina!"

Ndiyo maana uko hapa, mwanangu, na jina lako ni Awino, la Kijaluo, na sio la kule kwetu milimani.

Mimi ni mwanamke wa darasa la pili, lakini albamu zako umenisikilizisha. Majina ya hao watu siyawezi, nazijua kwa picha. Hiyo uliyomtumia Wambui ni ile ya msitu wenye theluji, ya yule mtu anayelia kama amebanwa na mlango. Najua kwa nini ulianza nayo. Uliipata wakati mama yako Adhiambo alipotuacha, wewe ukashindwa kulia, na huyo mtu akalia kwa niaba yako. Ni kitu chako cha ndani kabisa. Lakini Wambui hakujua. Ulimpa kilio bila kumwambia aliyefariki ni nani.

Kwa hiyo fanya hivi. Muulize ana nini masikioni tayari. Mimi nilishamuuliza siku ile alipokuja kunisabahi, akaniambia babu yake kule Nyeri alikuwa anapiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta, na yeye mwenyewe anaimba kwaya. Basi mpe kwanza ile yenye picha ya watu wanaokunywa pombe chini ya mti, ile ina kodiani na fidla, hata miguu yangu hii ilicheza. Akiizoea, mpe ile ya mashua yenye kichwa cha nyoka, ambayo wanaume wanaimba pamoja kama wanavuta wavu, mwanakwaya ataisikia. Zile zinazotukana watu au kutamani kanisa liungue, hizo usimpe hata kidogo, na mimi usinipigie. Ile ya theluji iache mwisho. Siku ya kumpa, kaa naye, mweleze habari za mama yako, ndipo ubonyeze. Na akisema bado haimwingii, usimwite kiziwi. Mpikie chai, umuulize yeye anasikiliza nini, nawe usikilize mpaka mwisho bila kushika simu.

Anayekuomba umchagulie muziki amekufungulia mlango. Ingia polepole, na umruhusu naye aingie kwako.

Mungu akupe rafiki wa kusikiliza naye, mwanangu. Akutunzie sauti ya kueleza yanayokuuma, na akupe subira ya kungoja mwenzako aielewe. Masikio yako yasizeeke kabla ya miguu yako. Sasa mwandikie Wambui, kabla hajadhani umekasirika.