Mgeni Aliyerudi Columbus na Paja la Mbuzi

Paja la mbuzi nililifunga mimi. Nasema mapema, maana lawama hapa zipo za kutosha na nataka fungu langu lijulikane.

Jumuiya yetu ya Wakongo hapa ughaibuni, Newburg, ilikuwa na basi dogo moja. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapeleka wazee kwenye darasa la mtihani wa uraia, na bibi yangu alikuwa mwanafunzi wa kiti cha mbele. Mwaka jana, miezi michache kabla ya mtihani wake, basi likafa karibu na Shively, wazee wakiwa ndani wanaimba. Fundi akalifungua, akalifunga, akasema litafutwe jingine.

Darasa likabaki bila wazee. Bibi akasema nimfundishe mimi nyumbani. Alinivumilia wiki moja tu, kisha akanifukuza, kwa sababu nilimwambia jibu la kila swali ni Buffalo, mji anakokaa shangazi yangu.

Mama yangu ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Siku za kazi anapanga vifurushi kwenye ghala. Jumamosi anapanga watu. Akasikia habari za mama mmoja mjane wa Columbus, aliyeuza kampuni yake ya kufua mashuka ya hoteli, na ambaye zamani aliajiri Wakongo wengi. Akamwalika aje atutembelee. Lengo lilikuwa moja: tumwombe basi.

Mgeni akaja. Sasa sikiliza tulivyomwomba.

Tulichinja mbuzi. Kwaya ikaimba, ikapumzika, ikaimba tena. Kila mzee aliyesimama alimshukuru Mungu kwamba hatujapungukiwa na kitu. Basi bovu lilikuwa pale pale kwenye maegesho, likitutia aibu, kwa hiyo tukalifunika ubavu mzima kwa kitambaa kikubwa kilichoandikwa KARIBU MGENI WETU. Mgeni akapiga picha mbele yake. Wakati wa kuondoka tukampa kitenge, na mimi nikamfungia paja zima la mbuzi kwenye foili, kama mtoto mchanga.

Akaniambia niwatafsirie wazee: “Mmejitegemea kweli. Mmenitia moyo sana.”

Nikatafsiri. Watu wakapiga makofi. Gari likaondoka.

“Bon, haya,” mama akasema, akiangalia barabara. “Na basi?”

Jioni akampigia simu shangazi yangu wa Buffalo, ambaye jumuiya yao ilishapata basi kwa njia hiyo hiyo. Simu iliwekwa kwenye spika, kwa hiyo tulitukanwa familia nzima kwa pamoja.

“Mulimuomba?” shangazi akauliza.

“Wifi, mgeni ataombwa namna gani kwetu? Si ni kumfukuza?”

“Donc, kumbe mukamupa mbuzi!”

“Paja tu,” nikasema.

“Wewe nyamaza. Wifi, sikia. Kama haombwi kwenu, mufuate kwake. Kule wageni ni nyinyi. Utaje bei ya basi yote, si ya tairi. Kisha ufunge mdomo mpaka yeye aseme. Na huyo mtoto wako mufunge mara mbili.”

Wiki tatu baadaye, mama na mimi tukaondoka kwenda Columbus. Mama alikuwa na nguo za kanisani na ndoo ya mandazi ya kumpelekea yule mama. Niliyaona mandazi yale nikajua tunaelekea wapi: tungetoa zawadi tena, tungeshukuriwa tena, tungerudi bila basi. Nikayala yote njiani kabla ya kufika Cincinnati, kwa faida ya jumuiya.

Sebuleni kwake kitenge chetu kilikuwa kimetandikwa mgongoni mwa kochi. Mama alipokiona akaanza kulainika. Akauliza habari za watoto, za wajukuu, za mbwa. Mimi natafsiri. Mwisho akasema, “Mwambie tunaomba chochote Mungu atakachoweka katika moyo wake.”

“Mama, hiyo sitafsiri.”

“Tafsiri, wewe mtoto!”

“Bei, mama. Bibi anangoja.”

Yule mama alikuwa akitutazama, kikombe mkononi. Mama akanyoosha sketi yake kwenye magoti. Kisha akasema yote bila kupumzika: kwamba basi letu limekufa, kwamba tulilificha nyuma ya kitambaa cha kumkaribisha, kwamba tuliona aibu, kwamba basi jingine ni bei hii hapa, na kwamba yeye, mwenyekiti, anamwomba alinunue.

Nikatafsiri bila kuongeza chumvi. Halafu tukanyamaza.

Hujui ukimya mpaka uwe mtu wa utani ukae ndani yake. Mbwa alijikuna. Utani mzuri sana ulinipanda mpaka kooni, na mama, bila kunitazama, akaweka kiatu chake juu ya changu na kukandamiza.

“Lile nililopigia picha mbele yake,” yule mama akasema hatimaye, “lilikuwa basi?”

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaacha kucheka, akauliza nani ataliendesha, na likiharibika nani atalitengeneza. Nikafungua mdomo nitafsiri. Mama alikuwa ameshaanza kujibu, kwa Kiingereza, Kiingereza chake cha ghalani, polepole na kwa uhakika. Madereva wawili wenye leseni, yeye mmoja wao. Mchango wa kila mwezi wa matengenezo, ulioanza tayari. Alikuwa na daftari lenye majina. Mimi nilikaa pale sina kazi, na sijawahi kujivunia kukosa kazi namna ile.

“Ungeniomba siku ile ile,” yule mama akasema, “ningekubali siku ile ile.”

“Siku ile ulikuwa mgeni,” mama akamjibu.

Basi lilifika mwezi uliofuata. Siku ya mtihani wa bibi, mama aliomba ruhusa kazini, akaliendesha mwenyewe, mgongo wima kama rubani. Mimi nilikuwa shuleni. Nilipotoka nililikuta limesimama mbele ya nyumba yetu, halijafunikwa na kitu, na bibi anashuka taratibu na karatasi mkononi inayosema amefaulu.

Akanipita mlangoni, akageuka.

“Wameniuliza maswali yote yale,” akasema, “na hakuna hata moja jibu lake ni Buffalo.”