Safari ya Kuyafuata Macho ya Veneranda

Niliondoka Songea kwa sababu ya macho. Mwanangu Veneranda, anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam, alinipigia simu akasema sasa anafanya utafiti wa leza, mwanga wenye nguvu kubwa ambao hata hauonekani. Nikamwuliza, "Unaunguza chuma?" Akasema, "Unaunguza, baba."

Basi. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini kuchomelea nimejifunza mwenyewe hapa Bombambili, na mageti mengi ya Mjimwema yametoka mikononi mwangu. Mwanga ninaoujua, huo unaoonekana, umenila jicho la kushoto. Huo usioonekana utamwachia mtoto nini? Nikamwambia mama yake, "Naenda kumchukua." Akanifungia dagaa wa Nyasa. Mimi nikatia kioo changu cha kuchomelea ndani ya begi.

Alfajiri basi likatoka. Mpaka Njombe ni baridi tupu. Makambako tulishuka kunywa chai, na wakati wa kupanda tena magoti yalikataa. Kitonga tuliteremka nyuma ya malori, taratibu kama watu wa mazishini. Mikumi abiria wote walikimbilia madirishani, mimi nikafumba macho.

"Mzee, hutazami wanyama?" akauliza mama niliyekaa naye.

"Wanitazame wao. Mimi nimechoka."

Dar tulifika jioni. Veneranda alinipokea stendi, akapiga goti, shikamoo baba. Badala ya marahaba nikamshika kidevu nikamgeuza kwenye taa, jicho hili, kisha lile.

"Unatafuta nini, baba?"

"Kesho utanionyesha hiyo kazi. Kisha tutafungasha mizigo yako."

Akanipokea begi, tukaondoka.

Asubuhi nikaingia maabara. Chumba hakina dirisha, kina baridi kama Njombe. Mezani palikuwa na mashine, sanduku refu kama mzinga wa nyuki, imeelekezwa kwenye kipande cha chuma. Fundi wa mitambo akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Songea.

"Ala! Mngoni! Jamani, fungieni panya, mlaji amefika!"

Nikajua huyu ni Mhehe, mtani wangu: wao hutusema Wangoni tunakula panya, nasi huwasema wanakula mbwa. "Na mimi nilikuwa nashangaa," nikamjibu, "tangu getini sijasikia mbwa hata mmoja akibweka."

Alicheka mpaka akashika meza. Veneranda akanipa miwani ya kijani, ya plastiki. Nikaikataa, nikatoa kioo changu.

"Baba, hicho hakikutengenezwa kwa mwanga huu."

"Kilikuwa kinafanya kazi kabla wewe hujazaliwa."

"Basi tafadhali usubiri nje."

"Sikupanda basi kutoka Songea kuja kutazama mlango."

Hakubishana. Kwetu mtoto hamwamrishi baba, na huyu nimemlea mwenyewe. Alikwenda kwenye mashine, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akakaa kwenye kiti. Jaribio hilo walikuwa wameliandaa wiki nzima, na chumba kile hutumiwa kwa zamu. Zamu ikipita, imepita. Fundi alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi. Veneranda alitazama sakafu. Tukakaa hivyo, mpaka nikasikia miguu yangu ikipwita ndani ya viatu.

Mhehe ndiye aliyeinuka. Akanipokonya kioo. "Mngoni, binti yako hawezi kukuamrisha. Mimi ni mtani, hata kaburini kwako nitakuja kukutukana. Vaa miwani!"

Nikavaa. Mtani hana kesi.

Ufunguo ukarudi mahali pake. Mashine ikalia ta! kama ukucha unaokatwa, na cheche nyeupe ikaruka juu ya chuma.

"Ndiyo hiyo tu?" nikasema.

Veneranda akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Akanieleza kwamba mwanga ule hupiga kwa muda mfupi mno. Sehemu yake ya mbele huchoma chuma kikatoa mvuke, na mvuke ule hupata moto hata chembe zake zikavunjika, zikawa na umeme. Hiyo ndiyo plazma, ndugu wa moto wangu wa kuchomelea. Mwanga unaofuata nyuma huikuta plazma imesimama mlangoni. Mwingine humezwa, mwingine hurudishwa.

"Kwa hiyo ukiongeza nguvu, baba, si lazima chuma kipate zaidi. Tunapima unaopita na unaozuiwa."

"Na unaorudishwa unakwenda wapi?"

"Popote. Hata machoni."

"Huo ufunguo anaushika nani?"

"Mimi. Akiwemo mtu asiyevaa miwani, haugeuki."

"Hata akiwa mkubwa wako?"

"Si umeona, baba."

Habari ya kufungasha mizigo sikuitaja tena.

Nilirudi na miguu iliyovimba. Mama yake akasimama mlangoni, akaniona niko peke yangu. "Mtoto yuko wapi?"

"Amebaki."

"Na macho?"

"Anayo. Na ya wenzake anayatunza."

Nilipopumzika kidogo nikafungua karakana. Jirani yangu, baba Faustini, akaleta fremu ya baiskeli iliyokatika, akachuchumaa karibu kabisa.

"Choma tu mzee, nitafumba macho."

Hivyo ndivyo wanavyosema wote, na siku zote nimechoma. Nguvu ya kuwasha sijaikosa hata siku moja. Ya kukataa kuwasha nimeikuta kwa mwanangu. Nikachomoa plagi ukutani, nikaiweka kwenye kiti, nikaikalia.

"Katafute miwani, au kaa nje."

"Mzee, Dar imekuharibu!"

"Imenichosha," nikamwambia. "Nami nina muda wa kukaa."

Alikaa akininunia. Mwishowe akainuka, akaenda kutafuta miwani.