Siku Baba Alipomaliza Mbele ya Saa

Juzi, kwenye semina ya kazi, mwalimu alitufundisha kumaliza kazi mbele ya saa, kabla muda haujafika. Papo hapo nikasikia harufu ya pasi ya baba ya makala, yale makaa ya moto, kule Butembo, wakati wa vita.

Kamanda aliwaletea washonaji wawili, baba na jirani yetu Papa Kambale, vitambaa vya nguo za askari. Papa Kambale aliomba wiki nzima. Baba alimaliza alasiri ya siku ileile. Cherehani yake ililia mpaka kule mbali Lubero waliisikia!

“Mutu wa kazi sawa huyu, tunaenda naye,” kamanda alisema.

Nilifikiri baba amepewa cheo. Nikapiga makofi, nikamzomea jirani: “Eh, Papa Kambale muvivu! Weye utabaki!”

Alibaki kweli, akazeeka, akaona wajukuu. Baba alinipungia mkono, mita ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Hatukumuona tena.