Nilimugombeza Binti Yangu Mbele ya Kanisa

Leo nimegombeza mutoto mbele ya batu ya kanisa, kumbe mimi njo nilikuwa sijui!

Munajua naenda China kumuona Béatrice, binti yangu anatumika kazi uko. Siku ya safari nilichagua mimi mwenyewe. Sikuuliza mutu.

Maman wa agence ya safari ku Gare du Nord alinikataza: "Papa, iyo semaine, juma muzima, ni mwaka mupya ya Bachina, maduka inafungwa."

Nikamujibu: "Maman, mimi sifuati maduka. Kata tiketi."

Bon. Leo dimanche asubui, kabla ya misa hapa kwetu Laeken, nampigia Béatrice. Anajibu pole pole:

"Papa, niko ku bureau, ku kazi."

Siku ya Mungu!

Nikapiga makelele, na simu iko haut-parleur, sauti inje, bamaman yote banasikia: "Nilikulea ndani ya kanisa, leo unatumika siku ya Mungu?"

"Papa, uku banatupatia congé, mapumziko murefu ya mwaka mupya. Alors banatuomba tulipe kwa kutumika siku zingine, ata dimanche. Leo natumika kulipa ile semaine utakuwa uku, nibakie na wewe."

Nikatoa haut-parleur.

Safari ya kwanza nilienda kumuona, alikuwa anarudia ku kazi magaribi, mimi nashinda naangalia ukuta. Iyi mara tutakuwa naye nyumbani kila siku. Munaona vile nachagua siku? Na sikumaliza ata masomo!

Pardon sikuomba, mimi ni baba. Nilimuambia tu nitamubebea sombe, majani ya muhogo.

Ninyi bababa, mungeomba pardon?