Rehma Akataa Kurudi kwa Makaratasi

Rehma Sabir, mzaliwa wa mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu, alikuwa na miaka hamsini na mitatu alipoambiwa arudi kwa makaratasi. Alitunza rekodi katika kliniki moja ya Manyatta inayotibu watoto wenye ugonjwa wa damu wa selimundu. Katika rekodi hizo ndimo ungejua damu ya kila mtoto ni ya kundi gani, dawa ipi iliwahi kumdhuru, na mara ya mwisho aliongezwa damu lini. Lakini rekodi zenyewe zilikaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni moja ya Nairobi. Kampuni ilipofunga mfumo wake wa zamani, fundi wao Kahiga alikuja na flashi moja, akaiweka mezani.

"Data yenu yote iko hapa, Mama. Mfumo mpya unakuja baada ya miezi mitatu. Kwa sasa andikeni tu kwa karatasi."

"Na hii tunaifunguaje?"

"Haifunguki bila sisi. Hiyo ni database, inataka mfumo wa Linux, si huu wa kompyuta zenu. Si kazi ya mtu wa mafaili."

Rehma aliichukua flashi. Alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu zote, kisha akaenda moja kwa moja kwa Daktari Opondo, mwenye kliniki.

"Daktari, nataka kuifungua mwenyewe."

"Kwa kompyuta gani, Mama Rehma? Tuko na moja tu yenye nguvu, ile ya mapokezi. Ukiiharibu, tumekwisha."

"Sitaigusa. Nitatengeneza kompyuta nyingine ndani yake."

Daktari alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Rehma alikuwa amesoma kwamba kuna programu inayokata sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya diski, ikazifanya mashine kamili inayojitegemea. Ikiharibika, unaifuta, na kompyuta iliyoibeba haina habari. Kwa wiki mbili alifika kazini saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya foleni. Aliipa mashine yake nusu ya kumbukumbu, akaiwekea Linux, na kwa kuwa haikuwa na picha za kubofya, akajifunza kuiamrisha kwa kuandika. Kila alipofika hatua nzuri, aliihifadhi mashine ilivyo, ili akikosea arudi hapo hapo.

Na alikosea. Alipoweka programu ya hifadhidata, ile database ya Kahiga, na kujaribu kuimiminia lile faili la flashi, ilikataa katakata. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba mama anapoteza wakati. Rehma alisoma lile kosa neno kwa neno, akaelewa: faili lilitoka kwa toleo la programu lililo jipya kuliko lake. Akafuta, akaweka toleo jipya, akajaribu tena. Mara hii majina yalishuka kwenye skrini kama mvua, watoto elfu moja mia nane na kumi na wawili. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

Hata hivyo kompyuta ya daktari haikuweza kuyaona. Ilimchukua siku tatu kugundua kwamba hifadhidata ilikuwa ikiijibu mashine yake yenyewe tu, na kuzikataa kompyuta nyingine. Akaifungulia mlango kwa kompyuta za kliniki, na kwa hizo pekee.

Alhamisi iliyofuata Debra, mchuuzi wa samaki, aliwasili kutoka Luanda Kotieno, kandokando ya ziwa, akiwa amembeba bintiye Shantel, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Kadi ya mtoto ya kliniki ilikuwa imelowa, haisomeki. Daktari Opondo aliandika jina lake kwenye kompyuta.

"Kuna sindano ilimvimbisha uso mwaka juzi," alisema, macho kwenye skrini. "Tusimpe hiyo." Akageuka kumtazama Rehma.

Miezi mitatu ikawa mitano ndipo Kahiga akarudi na mkataba wa mfumo mpya. Alipoona rekodi zinafanya kazi, alisema, "Sawa. Nipe neno la siri nihamishe kila kitu kwa seva yetu."

"Sikupi."

"Mama, huu ni utaratibu wa kampuni."

"Kampuni ilituacha gizani ikasema tuandike kwa karatasi. Watoto hawa ni wa kliniki hii. Leteni mfumo wenu uje uishi hapa kwenye seva yetu, au mrudi nao."

Kahiga akamgeukia daktari ili amsaidie. Daktari Opondo aliusukuma mkataba mpaka upande wa Rehma wa meza.

"Muulize yeye," akasema. "Ndiye mwenye seva."