Karatasi ya Mgongo wa Nanyori

Marsela hakuwahi kukata kitambaa cha mtu siku ile ile alipokipokea. Mafundi wa barazani kule mjini Karatu walipokea kitambaa asubuhi, wakapima kifua na kiuno, na mkasi ukaingia kabla mwenye mali hajamaliza kueleza anachotaka. Marsela aliishi kilimani juu ya mji, katika shamba la mumewe Thomasi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kulima. Kushona alifundishwa na masista akiwa msichana, upande wa Mbulu. Aliolewa akiwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, mkasi mmoja mzuri, na tabia ya kutokubali kuharakishwa.

Kabla ya kitambaa alikata karatasi. Alitumia mifuko ya saruji, akiifungua, akiikung'uta vumbi na kuinyoosha kwa pasi ya mkaa. Kila mtu aliyeshonewa na Marsela alikuwa na karatasi zake: ya mgongo, ya mbele, ya mkono na ya kola. Zilifungwa pamoja kwa uzi, zikaandikwa jina kwa penseli, zikatundikwa kwenye msumari ukutani. Karatasi za Katarina, jirani yake, zilikuwa na viraka vitatu kifuani, kimoja kwa kila mtoto aliyemzaa tangu apimwe mara ya kwanza, na mkunjo mmoja kiunoni uliotiwa mwaka wa njaa. Katarina aliponenepa karatasi ilikatwa ikaongezwa, na alipokonda ilikunjwa. Marsela hakumkatia mtu nguo kwa karatasi ya mwenzake, hata wakiwa mapacha.

"Mapacha wamezaliwa pamoja," alisema, "lakini hawajalima pamoja."

Wapo waliouita huo ubishi. Mimi nauita uadilifu. Kitambaa cha mtu ni jasho lake, na anayekitia mkasi bila kujua anachofanya hana tofauti kubwa na mwizi, isipokuwa mwizi hukimbia, na huyu hubaki barazani akingoja mteja mwingine.

Mwaka 1983, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi, mwanamke mmoja alibisha hodi kwa Marsela. Alivaa shuka jekundu, na shanga zake zilikuwa za mama mwenye watoto.

"Karibu. Takwenya," alimsalimu Marsela, kwa Kimasai chenye lafudhi nzito ya Kiiraqw.

"Iko, yeyo," mgeni aliitikia, akimwita mama kwa lugha ya kwao, kisha akaendelea kwa Kiswahili alichojifunza darasa la watu wazima. "Jina langu Nanyori. Natoka Kakesio. Nimeambiwa wewe unashona taratibu."

"Nani kakwambia?"

"Watu barazani. Walikuwa wanakucheka."

Marsela alicheka pia, akamkaribisha ndani.

Habari ya Nanyori ilikuwa hivi. Wanawake wa Kakesio walikuwa wamemchagua aende Karatu kwenye mafunzo ya wakunga, kwa sababu mikono yake ilikuwa imepokea watoto wengi na hakuogopa damu. Barua ya mwito ilisema mafunzo yanaanza Jumatatu, na kila mwanamke afike amevaa blauzi nyeupe yenye kola. Asiye nayo arudi kwao, nafasi apewe mwingine. Siku hizo kitambaa kilitoka dukani kwa kibali, na kijiji kilikuwa kimempatia cha kutosha blauzi mbili, si zaidi. Alisafiri kwa lori la mahindi, na siku ya Jumatano alimpa fundi Sylvesta wa barazani kitambaa cha blauzi ya kwanza, naye akaimaliza siku hiyo hiyo.

Alifungua furushi, akatoa kazi ya Sylvesta. Mishono ilikuwa imenyooka kabisa. Lakini Nanyori alipoivaa, nyuma ilipanda mpaka ngozi ya kiuno ikaonekana, mbele ikaning'inia kama aproni, na kola ikamkaba koo.

"Fundi alisemaje?"

"Alisema nguo haina kosa. Karatasi yake imetoka Arusha, imeshawashonea wake za wakubwa. Alisema mgongo wangu ndio mbovu." Nanyori aliangalia chini. "Alisema, nyoosha mgongo, mama, wewe si ngamia. Watu wakacheka."

Marsela aliuliza tu kitambaa cha pili kiko wapi.

"Hiki. Hakuna kingine, yeyo. Hiki kikiharibika narudi Kakesio, na wale walionichagua, wanaoitazama barabara, wataniona narudi na shuka langu."

Ilikuwa Alhamisi. Marsela alikifua kitambaa kwanza, kirudi na kupungua kabla ya kushonwa na si baada, akakianika kwenye ua. Kisha akachukua futi ya kupimia. Nanyori alisimama katikati ya chumba, amenyooka kama nguzo ya bendera, pumzi ameibana. Marsela alimpima shingo, mabega, kifua, mgongo na mkono, akaandika kila kipimo, akakata karatasi mpya. Hakuanzia kitambaa cheupe. Alichukua mfuko wa kitambaa wa unga wa ngano, akakata blauzi ya majaribio na kuishikiza kwa sindano, maandishi ya kiwanda yakiwa yamekaa mgongoni.

Ijumaa asubuhi Nanyori, aliyelala hapo kwa Marsela, aliivaa. Ilikaa. Mabega yalikaa, kiuno kilikaa, kola ilipumua. Thomasi alipita mlangoni na jembe, akasimama kutazama.

"Kilo hamsini halisi," alisema, akisoma maandishi mgongoni.

"Nenda shambani, baba," Marsela alimjibu, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika mkasi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa mezani. Nasema kweli, alibakiza dakika chache tu kukikata, na angekiharibu kama Sylvesta alivyoharibu cha kwanza, pamoja na uangalifu wake wote.

Chai ndiyo iliyomwokoa. Alikuwa ameibandika jikoni, ikachemka, na si mtu wa kumwacha mgeni bila chai. "Kaa kwanza tunywe," alisema. Nanyori alikaa kwenye kigoda, akainama kuchukua kikombe. Mara ile ile mfuko wa unga ulipanda kiunoni na kola ikamkaba. Nanyori alishtuka, akajinyoosha upesi.

"Samahani, yeyo. Nimesahau kunyoosha."

Marsela aliweka mkasi mezani.

"Tangu jana unajinyoosha?"

"Ndiyo."

"Hata nilipokuwa nakupima?"

"Hapo ndipo zaidi. Nilitaka nikupe vipimo vizuri."

Wengi wetu tungemlaumu mgeni kwa kudanganya futi. Yeye alijitazama mwenyewe. Miaka yote aliamini anapima watu, na huyu mmoja alikuwa amempima akiwa amejikaza kwa kumwogopa Sylvesta.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilipima aibu yako, mwanangu, sikupima mgongo wako. Kwenu maji mnabebaje?"

"Mgongoni. Mkanda unapita hapa." Nanyori aligusa utosi.

"Na kuni?"

"Vilevile. Tangu nikiwa mdogo hivi."

"Lile pale dumu, na mkanda wake upo ukutani. Chemchemi iko chini ya miti ile. Lijaze mpaka mdomoni."

Nanyori alimtazama kama mtu asiyejua kama anatumwa au anatibiwa, lakini alikwenda. Thomasi, aliyekuwa akipalilia karibu na njia, alimwona akishuka na dumu.

"Mama Josephati," alimwita mkewe, "mgeni wa jana tu, leo umeshamtuma maji?"

"Nampima."

"Kwa dumu?"

"Kwa dumu."

"Basi nipime na mimi kwa sahani ya ugali," alisema Thomasi, akarudi kwenye magugu yake.

Nanyori alipopanda kilima, Marsela alikuwa mlangoni na futi shingoni. Alimtua mzigo. "Usijinyooshe. Simama unavyosimama ukifika nyumbani kwako, umechoka, na hakuna anayekutazama." Nanyori alishusha pumzi. Kichwa kilikuja mbele kidogo, na mgongo ukachukua umbo lake, umbo la mtu aliyebeba nyumba yake miaka ishirini. Marsela alipima upya. Kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, mgongo ulizidi kipimo cha jana kwa vidole viwili na nusu. Mbele kipimo kilipungua kidole kimoja.

Kisha Marsela akafanya jambo ambalo Nanyori alilisimulia Kakesio kwa muda mrefu. Alitoa kwenye msumari karatasi zake yeye mwenyewe, za zamani, zilizogeuka rangi kwa moshi, akamwonyesha ile ya mgongo. Ilikuwa imekatwa kwa upana chini ya shingo, ikapanuliwa na kutiwa kiraka cha vidole viwili.

"Wewe pia, yeyo?"

"Nilibeba maji kabla sijabeba futi. Nimeitazama karatasi hii kila siku, na bado nikasahau kukutazama wewe."

Aliichukua karatasi ya Nanyori, akaikata kwa upana pale kwenye makombe ya mabega, kutoka katikati mpaka karibu na tundu la mkono, akaacha ncha ndogo isiachane. Akaipanua kwa vidole viwili na nusu, akaweka ukanda wa karatasi chini yake, akaubandika kwa uji mzito wa ngano. Shingoni palipozidi alipabana kwa mikunjo midogo miwili, mmoja kila upande. Karatasi ya mbele aliikunja kidole kimoja kifuani, ili kitambaa kisining'inie. Kisha akafumua blauzi ya mfuko, akaongeza ukanda mgongoni kama karatasi ilivyosema, akamvisha tena. Nanyori alikaa, akainama, akasimama, akabeba dumu kuzunguka nyumba. Kola haikugusa koo.

Jumamosi walitandaza kitambaa cheupe, wakapanga karatasi juu yake, na hapo likazuka tatizo. Mgongo ulioongezwa ulikuwa umekula kitambaa. Kila kipande kilipata nafasi, isipokuwa kola.

"Basi," alisema Nanyori. Aliketi kitandani, mikono imelala mapajani.

"Basi nini? Lete ile ya Sylvesta."

"Ile nilitaka kuitupa, yeyo. Sitaki hata kuiona."

"Kitambaa hakijakukosea. Kilichokosea ni mkasi."

Kwa kweli kola ya Sylvesta ilikuwa imeshonwa vizuri. Ilimkaba kwa sababu ya mgongo tu, si kwa sababu yake yenyewe. Marsela aliifumua uzi kwa uzi, kwa subira, akaifua na kuipiga pasi. Kisha akashika mkasi. Nanyori alikwenda kusimama nje.

"Ikiharibika?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Nitakwenda Kakesio mwenyewe kuwaeleza mama zako nilivyokosea. Kwa hiyo haitaharibika, maana njia ni mbaya."

Alikata. Alishona mchana kutwa, mkono wa kulia ukizungusha cherehani na wa kushoto ukiongoza kitambaa, na kifungo cha mwisho kilikaa jua likiwa bado juu ya kilima. Jumapili hakugusa sindano. Walikwenda kanisani wote watatu, Nanyori na shuka lake, blauzi ikiwa imekunjwa nyumbani chini ya godoro.

Jumatatu asubuhi walishuka mjini. Njia ya kwenda kwenye mafunzo ilipita mbele ya baraza la Sylvesta, na Marsela hakuona sababu ya kuzunguka. Sylvesta aliinua macho kutoka kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi mwepesi, na si mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuambiwa kwamba amekosea.

"Umeona, mama?" alimwambia Nanyori, akidhani blauzi ni ile yake, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Ukinyooka, nguo inakaa."

Nanyori alitua furushi lake, zito kwa mablanketi na unga wa siku kumi na nne. Aliinama, akalifunga mkanda, akaupitisha utosini, akainuka nalo mgongoni, mgongo wake ukiwa umekaa kama ulivyozoea. Blauzi nyeupe haikupanda hata kidole. Wale waliocheka Jumatano walitazama kiuno chake, kisha koo, kisha wakamtazama Sylvesta.

"Kwaheri, fundi," alisema Nanyori. "Kola umeshona vizuri." Akaendelea na safari yake kwenda kupokea mafunzo.

Sylvesta aliitambua kola yake. Alikaa na kipande cha suruali mkononi mpaka watu walipotawanyika, kisha akamfuata Marsela barabarani.

"Mama Josephati. Ile karatasi ya mgongo. Niazime siku moja tu, nichore."

"Ile ni ya Nanyori. Utamshonea nani?"

"Wanawake wanaoshuka kutoka huko Kakesio. Ni wengi, na wote..." Alionyesha mgongo kwa mkono, na safari hii hakusema ngamia.

"Kila mmoja ana wake. Karatasi sitakupa. Kupima nitakufundisha, nikianza na mgongo wako wewe, maana unaukunja kwenye cherehani tangu ujana na nadhani hujui. Njoo Alhamisi. Pitia kwanza chemchemi, uje na dumu."

Alikuja kweli. Alipanda kilima anahema, dumu begani, watoto wa Katarina wakimfuata kwa kicheko. Marsela alilipokea, akalitikisa, akasikia limejaa nusu, akamrudisha chemchemini.